Mlango wa Maabara Uliofungwa: Majibu kwa Watafiti Kuhusu Sheria za Kusafirisha Teknolojia

Barua zilizotufikia kwa ajili ya safu ya toleo hili zinatoka mbali na mbali, lakini zote zinagusa jambo moja: sheria ambazo mataifa makubwa hutumia kudhibiti bidhaa, vimelea na maarifa ya kiufundi yanayovuka mipaka, na namna sheria hizo zinavyoingia katika maabara za vyuo vikuu. Tumechagua barua tano. Mbili za mwanzo tumezijibu kwa urefu kwa sababu zina mambo ambayo kila mtafiti wa Afrika Mashariki mwenye mshirika wa nje anapaswa kuyajua.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni Mtanzania ninayesoma shahada ya uzamivu ya uhandisi katika chuo kikuu kimoja nchini Marekani. Wiki tatu zilizopita msimamizi wangu aliniambia nisihudhurie tena kikao cha Ijumaa cha mradi mmoja wa maabara yetu, na kadi yangu sasa haifungui chumba cha nyuma. Sababu niliyopewa ni sheria za usafirishaji wa teknolojia nje ya nchi. Mimi sijasafirisha kitu chochote, na chumba hicho kiko papo hapo chuoni. Je, ninashukiwa? Na tasnifu yangu itakuwaje? *Mwanafunzi mwenye wasiwasi*

Jibu: Pole sana, dada yangu. Ninajua jinsi inavyouma kadi inapokataa kufungua mlango mbele ya wenzako. Nilipokuwa mwanafunzi ughaibuni, maabara ya jirani yetu ilikuwa na karatasi ya manjano iliyobandikwa usawa wa macho, ikieleza kwamba wageni wasiingie bila kusindikizwa. Nilipita mbele ya karatasi ile kila asubuhi kwa karibu miaka miwili kabla sijapata ujasiri wa kuuliza ilihusu nini. Wewe umeuliza ndani ya wiki tatu, na umefanya vyema.

Hushukiwi. Kinachopimwa hapa si mwenendo wako, bali ni uraia wako ukilinganishwa na aina ya teknolojia iliyomo katika chumba hicho. Kwa sheria za Marekani, kusafirisha si kupakia kontena melini tu. Taarifa za kiufundi zilizodhibitiwa zikionyeshwa kwa mgeni, iwe kwa mchoro, kwa maelezo ya mdomo au kwa msimbo wa programu, zinahesabiwa kwamba zimekwisha kusafirishwa kwenda katika nchi ya mgeni huyo, hata kama yeye na anayemwonyesha wamekaa meza moja huko huko Marekani. Mgeni kwa maana hii ni mtu ambaye si raia, hana ukazi wa kudumu, wala si mkimbizi aliyepewa hifadhi. Ndiyo maana mwenzako mwenye kadi ya kijani, yaani hati ya ukazi wa kudumu, anaingia katika kikao cha Ijumaa, na wewe mwenye viza ya masomo hapana.

Kanuni zinazohusika ziko katika mafungu mawili makubwa. Fungu la kwanza linasimamiwa na Wizara ya Biashara kupitia Ofisi ya Viwanda na Usalama, nalo linahusu vitu vya kiraia vinavyoweza kutumika pia kijeshi, kama vile leza, vihisio, kompyuta zenye nguvu kubwa na vimelea vya magonjwa. Katika fungu hili jibu hutegemea kitu chenyewe na nchi ya mhusika, na vitu vingi vya maabara havihitaji leseni yoyote. Fungu la pili linasimamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje na linahusu zana za kivita pamoja na maarifa yake. Huko karibu kila mgeni huhitaji idhini, awe Mtanzania au Mjerumani. Kipo kifungu kinachowasamehe waajiriwa wa kudumu wa chuo wanaofanya kazi muda wote, lakini kwa kawaida mwanafunzi hafaidiki nacho.

Sasa fahamu jambo ambalo ndilo kinga ya vyuo vikuu. Tarehe 21 Septemba 1985 Rais Ronald Reagan alitoa agizo la usalama wa taifa namba 189, ambalo linasema kwamba matokeo ya utafiti wa msingi yasiwekewe vizuizi kadiri inavyowezekana, na kwamba pale usalama wa taifa unapodai vinginevyo, njia ni kuyafanya kuwa siri rasmi ya serikali. Utafiti wa msingi, kwa maana ya agizo hilo, ni ule wa sayansi na uhandisi ambao matokeo yake kwa kawaida huchapishwa na kushirikishwa wanasayansi wote. Utafiti wa namna hiyo uko wazi kwako na kwa kila mwanafunzi, wa taifa lolote. Masomo yanayofundishwa darasani kwa mujibu wa orodha ya kozi za chuo yako wazi vilevile.

Kinga hiyo hupotea kwa sahihi moja. Profesa akikubali katika mkataba kwamba mfadhili ndiye atakayeidhinisha kila chapisho, au kwamba wageni hawatashiriki, utafiti huo hauhesabiwi tena kuwa wa msingi. Hali kadhalika, kinga inafunika matokeo yanayotoka katika utafiti, haifuniki siri za kiufundi ambazo kampuni imezileta maabara ili zitumike. Ninadhani mradi wa chumba cha nyuma umeangukia katika moja ya hali hizi mbili. Nasikitika kwamba msimamizi wako hakukueleza hivyo kwa utulivu, kwa sababu mkataba wa namna hiyo hausainiwi kwa siku moja, na wanafunzi wa maabara wana haki ya kujua mapema ni kazi ipi itawafungia mlango.

Usimwone msimamizi wako kuwa mkatili, hata hivyo, kwa maana adhabu humfuata mtu binafsi. John Reece Roth, profesa mstaafu wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Tennessee kilichoko Knoxville, alifanya kazi katika mradi wa Jeshi la Anga la Marekani uliohusu kutumia plazma, yaani gesi iliyotiwa chaji ya umeme, kwenye mabawa ya ndege zisizo na rubani. Aliwaingiza katika kazi hiyo wanafunzi wawili wa uzamivu, mmoja kutoka China na mwingine kutoka Iran, na mwaka 2006 alisafiri kwenda China akiwa na taarifa za mradi katika kompyuta yake, ingawa ofisa wa chuo anayeshughulikia sheria hizi alikuwa amemwonya. Mwezi Septemba 2008 alipatikana na hatia, na Julai 2009 akahukumiwa miaka 4 jela, akiwa amevuka umri wa miaka 70. Maprofesa wengi wa Marekani walianza kuzisoma kanuni hizi kwa makini baada ya hukumu hiyo. Sheria ya mwaka 2018 inaruhusu kifungo cha hadi miaka 20 na faini ya hadi dola milioni 1 kwa kila kosa la makusudi.

Nenda kwa msimamizi wako ukiwa na swali lililoandikwa: je, sura zote za tasnifu yangu zinatokana na utafiti ulio huru kuchapishwa? Jibu likiwa ndiyo, liombe kwa barua pepe na ulihifadhi. Likiwa hapana, au akisita, omba muende pamoja kwa ofisa wa chuo anayesimamia sheria hizi, kwa kuwa vyuo vikubwa vya utafiti huwa na ofisa wa namna hiyo, na kazi yake si kukufukuza. Anaweza kubainisha sehemu iliyodhibitiwa ili iliyobaki iachwe wazi, au kukuombea leseni Wizara ya Biashara, ambayo haitozi ada ya maombi. Usikubali tasnifu ijengwe juu ya data ambazo hutaruhusiwa kuzitetea mbele ya watu.

Swali: Maabara yetu hapa Morogoro inashirikiana na chuo kimoja cha Marekani katika utafiti wa bakteria. Tulipowapelekea sampuli, kibali cha kwao kilipatikana bila shida. Sasa tunataka waturudishie aina tulizozitenga, nao wanasema wanahitaji leseni ya serikali yao. Sampuli ni zetu, zimetoka kwa wagonjwa wetu. Huu si uonevu? *Mtaalamu wa maabara*

Jibu: Ndugu yangu, uchungu wako ninauelewa, na kwa upande wa umiliki sina neno la kukupinga. Lakini sheria ya kusafirisha haiulizi kitu kilitoka wapi. Inauliza ni kitu gani na kinakwenda wapi. Kimelea kilichomo katika orodha ya Wizara ya Biashara kikishaingia Marekani, kukitoa tena ni usafirishaji kama mwingine, hata kama kinarudi katika jokofu kilimotoka.

Kuna kesi inayotuhusu Watanzania moja kwa moja, na ninashangaa kuona haizungumzwi katika semina zetu. Thomas Butler alikuwa profesa wa tiba katika Chuo Kikuu cha Texas Tech, mjini Lubbock, na alikuwa ameifanyia utafiti tauni tangu enzi za vita vya Vietnam. Alishirikiana na madaktari wa Tanzania kutafuta dawa bora kwa wagonjwa wa tauni, akabeba vimelea kutoka kwetu hadi maabara yake, na Septemba 2002 akavituma vichupa vingine Tanzania kwa kampuni ya kusafirisha vifurushi. Hakuwa na leseni ya Wizara ya Biashara, na katika hati ya mzigo yaliandikwa maneno mawili tu yenye maana ya vifaa vya maabara. Hakuna aliyelijali jambo hilo hadi Januari 2003, aliporipoti kwamba vichupa 30 vya tauni havionekani katika maabara yake. Marekani ilikuwa bado na hofu ya barua zenye vimelea vya kimeta zilizotumwa kwa posta mwaka 2001, na wapelelezi wakafurika Lubbock.

Kesi yake ilikuwa na mashtaka 69. Baraza la mahakama lilimkuta na hatia katika mashtaka 47, ambayo mengi yalihusu fedha za mikataba ya utafiti, likamwachia katika sehemu kubwa ya yale ya tauni, lakini yale yaliyohusu kifurushi cha Tanzania yalimshika. Mwezi Machi 2004 alihukumiwa miaka 2 jela. Utafiti wenyewe ulichapishwa mwaka 2006, ukionyesha kwamba dawa za gentamisini na doksisaiklini zinafaa kutibu tauni, na waliohudumiwa katika jaribio hilo walikuwa wagonjwa 65 wa Tanzania. Ninapoisoma makala hiyo ninahuzunika kila mara. Kazi ilikuwa njema, wagonjwa karibu wote walipona, na yule aliyeisukuma alifungwa, kwa sehemu, kwa ajili ya vichupa vilivyokuwa vikirudi kwa wenzake waliovihitaji.

Kwa hiyo washirika wenu wanaposema wasubiri leseni, hawawadharau. Wanajua pia kwamba kutojua si utetezi. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Princeton kilikubali kulipa dola 54,000 kwa sababu ya mizigo 37 ya vimelea vya magonjwa ya wanyama iliyopelekwa nje bila leseni kati ya mwaka 2013 na 2018. Vimelea hivyo vilikuwa na thamani ya takriban dola 27,000 tu, na chuo chenyewe ndicho kilichojisalimisha. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Chuo Kikuu cha Indiana, ambacho hutunza nzi wa matunda kwa ajili ya watafiti wa dunia nzima. Nzi wake fulani walikuwa wamepandikizwa jeni inayohusiana na sumu ya risini, na walipelekwa nje mara 42 pasipo idhini. Ukiwatazama nzi hao ndani ya chupa yao yenye uji wa mahindi, huwezi kuwatofautisha na wale wanaozunguka ndizi mbivu jikoni, na pengine ndiyo maana kosa lilijirudia mara nyingi hivyo.

Ninalowashauri ni kulihamishia suala hili mwanzo wa ushirikiano. Makubaliano ya kuhamisha sampuli, ambayo kwa tafiti za binadamu hupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yataje waziwazi kwamba aina zitakazotengwa zitarudi, nani ataomba leseni ya kuzitoa, na ataiomba lini. Muhimu kuliko hayo, wekeni nakala ya kila sampuli hapa nyumbani kabla ya kutuma, kwa jokofu linalofanya kazi na jenereta yenye mafuta. Mkiwa na nakala yenu, leseni ya Washington ikichelewa haitasimamisha kazi ya Morogoro.

Swali: Kijana wangu amepata nafasi ya uzamili wa sayansi ya vifaa nchini Uingereza, nao wanamtaka apate cheti cha ATAS kabla ya viza. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Mwanza, jambo hili nimelisikia kwa mara ya kwanza. Je, ni utapeli? *Baba wa mwanafunzi*

Jibu: Si utapeli, mzee wetu. Ni utaratibu wa serikali ya Uingereza ulioanza Novemba 2007 kwa wanafunzi wageni wa masomo ambayo maarifa yake yanaweza kutumika kutengeneza silaha za maangamizi, na tangu Mei 2021 unawahusu pia watafiti. Raia wa nchi chache, kama zile za Umoja wa Ulaya, Marekani, Japani na Australia, wamesamehewa. Sisi hatumo katika orodha hiyo. Cheti hakina malipo, kwa hiyo mtu akimdai kijana fedha kwa ajili ya cheti chenyewe, hapo ndipo penye utapeli. Ombi hufanywa mtandaoni na mwanafunzi mwenyewe, akitumia maelezo ya kozi aliyopewa na chuo. Aombe siku ileile anapopata barua ya nafasi, kwa sababu majibu huchukua wiki kadhaa na viza haiombwi bila cheti.

Swali: Tunahesabu wanyama wa usiku karibu na Voi, na mwenzetu wa chuo cha Marekani anakuja na kamera za kuona joto katika begi lake. Ameniuliza kama Kenya ina sheria juu ya kamera hizo. Je, kwake hakuna? *Mtafiti wa wanyamapori*

Jibu: Ipo, na huenda hajui, kwa hiyo mwandikie leo. Kamera za joto zina fungu lake katika orodha ya Wizara ya Biashara ya Marekani, kwa kuwa jicho linaloona tembo gizani linaona pia askari. Nyingi huhitaji leseni kwenda nchi za Afrika, na begi la mkononi ni usafirishaji sawa na kontena. Lakini kamera inayopiga picha zisizozidi 9 kwa sekunde huangukia katika daraja jepesi zaidi, na watengenezaji wengi hutoa toleo la namna hiyo kwa sababu hii hii. Kwa tembo anayetembea taratibu kuelekea maji, picha 9 kwa sekunde zinatosha kabisa kumhesabu. Ikiwa popo, ambao huruka kwa kasi, nao wamo katika mradi wenu, zungumzeni na ofisi ya chuo chake kabla tiketi hazijakatwa. Upande wa Kenya, ulizeni kuhusu vibali vya utafiti na vya forodha, na ikiwa kamera zitarushwa kwa droni, ombeni kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga.

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Lubumbashi, nina uraia wa Ubelgiji tangu mwaka 2012, na nimepewa kazi ya uhadhiri wa uhandisi Marekani. Ofisi ya waajiri imeniuliza nchi zote nilizowahi kuwa raia wake. Kwa nini pasipoti moja haitoshi? *Mhadhiri mtarajiwa*

Jibu: Mheshimiwa, hongera kwa kazi. Wanauliza kwa sababu, tangu Februari 2011, mwajiri anayekuombea viza ya kazi ya kitaalamu lazima athibitishe katika fomu ya uhamiaji, kwa sahihi yake, kama teknolojia atakayokuonyesha inahitaji leseni au la. Jibu lake linatokana na uraia, na hapa yale mafungu mawili ya kanuni niliyoyaeleza juu yanatofautiana. Wizara ya Biashara hutazama uraia au ukazi wa kudumu ulioupata mwisho, kwa hiyo kwake wewe ni Mbelgiji, na milango mingi iko wazi. Wizara ya Mambo ya Nje hutazama kila uraia uliowahi kuwa nao. Haijalishi kwamba katiba ya Kongo inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Kwa wizara hiyo bado wewe ni mtu wa Kongo, na Kongo imo katika orodha ya nchi zilizowekewa vikwazo vya silaha. Hata msamaha wa waajiriwa wa kudumu wa chuo hauwahusu raia wa nchi za orodha hiyo.

Naona si haki mtu kubebeshwa vita ambavyo huenda yeye mwenyewe alivikimbia. Lakini naomba ujue kwamba kanuni hizi zimewahi kuzuiwa zisizidi ukali, na waliozizuia ni wahadhiri. Mwaka 2005 Wizara ya Biashara ilifikiria kutumia nchi ya kuzaliwa badala ya uraia wa mwisho, na pia kubadili neno moja katika maana ya kutumia mashine. Maana hiyo hutaja mambo sita, yakiwemo kuiendesha, kuifunga na kuikarabati, yaliyounganishwa kwa neno "na", ili maarifa yahesabiwe kudhibitiwa pale tu yanapokamilika yote sita. Pendekezo lilikuwa kuweka neno "au", ambalo lingefanya kumfundisha mwanafunzi mgeni kuwasha kifaa tu kuwe jambo la leseni. Vyuo vikuu viliandika pingamizi kwa wingi, na mwaka 2006 wizara ikaliondoa pendekezo lote. Kama lingepita, leo ungehesabiwa kuwa mtu wa Lubumbashi katika mafungu yote mawili.

Wape orodha kamili ya uraia wako, pamoja na tarehe, kabla hujasaini mkataba wa ajira, na uombe mkuu wa idara akuandikie ni miradi gani ya maabara utakayokabidhiwa. Mkataba wowote wa ufadhili utakaoletewa baadaye, usome kwanza kifungu cha machapisho na kile cha uraia wa washiriki, kisha uupeleke kwa ofisa wa chuo ukiwa na maswali yako pembeni kwa kalamu. Ukipata ukazi wa kudumu wa Marekani, wajulishe siku hiyohiyo, maana kuanzia hapo kanuni zote mbili hazikuhesabu tena kuwa mgeni.